Petroli dukani: jinsi ya kuihifadhi kwa usalama na sheria inavyosema

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wenye maduka, vibanda na magenge wanaouza petroli kwa chupa au kwa dumu katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Quionga na Palma hadi Mocímboa da Praia, Macomia na visiwani. Inawahusu pia majirani zao, kwa sababu moto wa petroli hauulizi nani mwenye duka na nani mpangaji.

Kwa ufupi

- Petroli hailipuki kwa sababu ya maji yake bali kwa sababu ya mvuke wake. Mvuke huo hauonekani, hushuka chini na husafiri mbali.
- Kuuza mafuta kunahitaji leseni yake maalumu. Leseni ya duka la kawaida haitoshi.
- Usilale chumba kimoja na petroli. Usiiweke karibu na jiko, kibatari, jenereta wala mtungi wa gesi.
- Usiiweke kwenye chupa za maji ya kunywa. Mtoto hawezi kujua tofauti.
- Weka kidogo: kiasi cha kuuza siku moja au mbili, si zaidi.
- Moto wa petroli hauzimwi kwa maji. Tumia mchanga mkavu au mtungi wa kuzimia moto wa unga.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Katika miji yetu vituo vya mafuta ni vichache, na vijijini havipo kabisa. Pikipiki za abiria zinahitaji petroli kila siku. Mashua za uvuvi zenye mashine zinahitaji petroli kabla ya alfajiri. Mwenye jenereta ya kuchajia simu anaihitaji jioni. Barabara ya N380 ikifungwa kwa mvua au kwa sababu za usalama, malori hayafiki na anayekuwa na dumu moja nyuma ya nyumba ndiye anayetafutwa na kila mtu.

Tangu vita vilipoanza mwaka 2017, na hasa baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, watu wengi walihama na kupoteza mitaji yao. Waliorudi, na wale waliobaki katika makazi kama Quitunda, walianza upya na biashara ndogo ndogo. Kuuza petroli ni mojawapo. Mtaji wake ni mdogo, mali haiozi kama samaki, na mteja hulipa papo hapo.

Lakini nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa makuti, na wengine bado wanaishi chini ya maturubai. Nyumba zimesongamana. Mara nyingi duka ndilo chumba cha kulala, na jiko la mkaa liko mlangoni. Moto ukianza kwenye kibanda kimoja wakati upepo wa kusi unavuma, mtaa mzima unaweza kuungua kabla maji ya ndoo ya kwanza hayajafika. Familia ambayo imeshakimbia mara moja itabaki tena bila nyumba, bila nyaraka na bila mtaji.

Ndiyo maana tunaeleza hapa mambo mawili kwa pamoja: sheria inataka nini, na usalama unataka nini. Kufuata maelekezo ya usalama hakuhalalishi biashara isiyo na leseni. Lakini asiye na leseni naye ana watoto na majirani, na anahitaji kujua jinsi ya kuwalinda.

Petroli ni kitu cha namna gani

Watu wengi huchukulia petroli kama mafuta ya taa yenye nguvu zaidi. Sivyo. Mafuta ya taa na dizeli, katika joto la kawaida la kwetu, hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka kwa urahisi. Mafuta ya taa yanahitaji kupashwa moto hadi nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, na dizeli zaidi ya nyuzi 50. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa maneno mengine, hapa kwetu petroli iko tayari kuwaka saa zote, usiku na mchana, kivulini na juani.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu na kutoka kwenye paa. Hushuka sakafuni, hutambaa chini ya kitanda, hupita chini ya mlango na kutulia kwenye mashimo na mifereji. Kwa hiyo dumu linaweza kuwa pembe hii ya nyumba na jiko likawa upande wa pili, na bado moto ukaufuata mvuke hadi kwenye dumu.

Hauhitaji mvuke mwingi. Hewa yenye mvuke wa petroli wa asilimia moja na nusu tu tayari inaweza kuwaka. Lita moja ya petroli ikimwagika na kuvukia yote, mvuke wake unatosha kufanya chumba kidogo, cha mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, kiwe na hewa inayoweza kulipuka. Kiberiti kimoja kinatosha. Cheche ya swichi ya taa inatosha.

Jambo la tatu ni kwamba petroli hutanuka inapopata joto. Dumu la lita 20 lililojazwa asubuhi na mapema na kuachwa juani hadi mchana linaweza kuongezeka karibu nusu lita. Kama lilijazwa hadi mdomoni, petroli hiyo itatafuta njia ya kutoka: itavimbisha dumu, itapasua mshono au itavuja kwenye kifuniko.

Hapa Msumbiji na katika nchi nyingine tumeona mara nyingi petroli inavyoua. Tarehe 17 Novemba 2016, huko Caphiridzange katika mkoa wa Tete, lori la mafuta lililipuka wakati wananchi wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro nchini Tanzania, lori lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na huko nako waliokufa walizidi 100. Kabla ya hapo ilikuwa Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, na Sange huko Kivu Kusini, Julai 2010, ambako waliokufa walizidi 200. Mahali pote hapo watu walidhani kwamba kama hakuna moto unaoonekana, basi hakuna hatari. Lori la mafuta likipinduka karibu nawe, ondoa watoto, kaa mbali upande upepo unakotoka, na usichukue hata kikombe kimoja.

Sheria ya Msumbiji inasemaje

Biashara ya mafuta nchini Msumbiji ina kanuni zake, zilizopitishwa na serikali kwa Dekreto namba 89/2019. Kanuni hizo zinahusu kuagiza, kupokea, kuhifadhi, kusafirisha, kusambaza na kuuza mafuta. Maana yake kwako ni hii:

- Leseni ya duka si leseni ya mafuta. Alvará inayokuruhusu kuuza sukari, sabuni na mchele haikuruhusu kuuza petroli. Mafuta yana leseni yake chini ya wizara inayohusika na nishati, na mahali pa kuuzia hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa.
- Bei haipangwi na muuzaji. Bei za mafuta nchini husimamiwa na serikali na kutangazwa na mamlaka ya udhibiti wa nishati, ARENE. Anayeuza kwa chupa kwa bei ya juu yuko nje ya utaratibu huo.
- Ukaguzi. Wakaguzi wa INAE wana mamlaka ya kukagua biashara na kuchukua bidhaa zinazouzwa kinyume cha sheria. Polisi nao wanaweza kuingilia pale panapokuwa na hatari kwa watu.

Ng'ambo ya Ruvuma hali ni hiyo hiyo. Tanzania, mamlaka ya EWURA inakataza kuuza petroli kwenye madumu na chupa, na inahimiza wafanyabiashara kujenga vituo vidogo vijijini kwa masharti nafuu. Kwa hiyo petroli iliyovushwa kwa mtumbwi kutoka Mtwara bila nyaraka ina matatizo mawili: ya forodha na ya leseni.

Kwetu kuna jambo la tatu, nalo ni ulinzi. Katika eneo lenye vita, mafuta mengi yanayosafirishwa bila maelezo huleta maswali. Kama unanunua petroli kwenye kituo kwa ajili ya mashua, jenereta au mashine ya kusaga, omba risiti na tembea nayo. Beba kiasi unachoweza kueleza. Usikubali kumbebea mtu usiyemjua dumu lake, hata kama analipa vizuri.

Wapi pa kuanzia kama unataka kufanya biashara kihalali

Nenda kwanza ofisi ya wilaya inayoshughulikia shughuli za kiuchumi, SDAE. Eleza unachotaka kufanya, mahali na kiasi, nao watakueleza hatua zinazofuata. Kwa Pemba, ofisi ya BAÚ hupokea maombi ya leseni za biashara. Utahitaji kitambulisho (BI) na namba ya mlipa kodi (NUIT).

Kama nyaraka zako zilipotea ulipokimbia, shughulikia hilo kabla ya jingine lolote. Huko Cabo Delgado, UNHCR pamoja na Chuo Kikuu Katoliki cha Msumbiji wamekuwa wakisaidia waliohama kupata nyaraka za uraia. Uliza kwa kiongozi wa mtaa au kwa watu wa ulinzi wa jamii wanaofika kwenye makazi yako.

Kwa mtu mmoja mwenye mtaji mdogo, leseni ya mafuta inaweza kuwa mbali. Wavuvi, waendesha pikipiki na wenye maduka wakikaa pamoja kama chama wanaweza kuiomba wilaya ipange mahali pamoja pa kuuzia, nje ya nyumba za watu. Ombi la watu ishirini wenye barua na majina husikilizwa kuliko la mmoja. Na kama huwezi kupata leseni, fikiria biashara nyingine inayowahudumia wateja wale wale: oili, plagi, viraka vya matairi, kuchaji simu kwa sola.

Chombo kinachofaa

Chombo bora ni dumu la chuma au la plastiki ngumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya magari, lenye kifuniko cha kukaza na mpira wa kuzuia kuvuja.

Madumu ya mafuta ya kula hutumika sana kwetu, lakini hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Plastiki yake huanza kulainika, kifuniko hulegea na mvuke hutoka usiku kucha bila wewe kujua. Chupa za maji ni mbaya zaidi. Ni nyembamba, huanguka kwa urahisi, na zinafanana na kitu cha kunywa.

Fuata haya:

- Usijaze dumu hadi mdomoni. Acha nafasi ya vidole vitatu au zaidi juu.
- Andika PETROLI kwa rangi, herufi kubwa, na chora alama ya moto kwa asiyesoma. Kipande cha karatasi hubanduka na mvua.
- Tumia rangi moja ya dumu kwa petroli tu. Usibadilishe leo petroli, kesho mafuta ya taa. Petroli kidogo tu ikichanganyika na mafuta ya taa, kibatari kinaweza kulipuka mkononi mwa mteja.
- Dumu lililovimba, lenye ufa au linalotoa harufu likiwa limefungwa, liondoe kazini leo.
- Dumu tupu ni hatari kama lililojaa, na mara nyingine zaidi, kwa kuwa ndani limebaki na mvuke. Usilikate, usilichomelee, usilipe watoto kuchotea maji.

Mahali pa kuweka

Kanuni ya kwanza: petroli isilale na watu. Kama huna chumba kingine, jenga kibanda kidogo cha pekee nje, angalau hatua kumi kutoka nyumba yoyote, jiko au njia ya kukimbilia. Kizungushie wavu au fito zilizoachana ili upepo upite chini na juu. Chini ndiko muhimu zaidi, kwa sababu mvuke hukaa chini. Funika juu kwa bati, si makuti wala turubai. Weka kufuli ili mtoto asifike.

Tengeneza sakafu kama beseni. Chimba kidogo, zungushia tuta la udongo au matofali, mwaga mchanga. Dumu likipasuka, petroli ibaki hapo isiteremke kwa jirani wala kisimani.

Usiweke pamoja na petroli:

- mitungi ya gesi ya kupikia
- fataki na viberiti
- mkaa, kuni, makuti na vitambaa
- betri zinazochajiwa, jenereta na nyaya za umeme zilizochubuka
- chakula, maji ya kunywa na dawa

Kiasi nacho ni sehemu ya usalama. Uingereza, kwa mfano, mtu wa kawaida anaruhusiwa kuweka nyumbani hadi lita 30 tu bila kuiarifu mamlaka, na kila dumu la plastiki lisizidi lita 10. Hiyo ni nchi yenye nyumba za matofali na magari ya zimamoto. Ukiwa na madumu kumi nyuma ya nyumba ya makuti, umeweka zaidi ya mara sita ya kiasi hicho mahali pasipo na zimamoto. Kuhodhi kwa kusubiri barabara ifungwe na bei ipande kunaleta faida, lakini faida hiyo iko kwenye roho za jirani zako.

Kumimina na kumuuzia mteja

Ajali nyingi hutokea wakati wa kumimina, kwa kuwa hapo ndipo mvuke hutoka kwa wingi.

1. Mimina nje, mchana, mahali penye upepo. Usiku tumia tochi uliyoiwasha kabla ya kufungua dumu. Usitumie kibatari, mshumaa wala kiberiti kuangalia kama chombo kimejaa.
2. Mteja azime pikipiki na ashuke. Abiria naye ashuke. Sigara izimwe mbali.
3. Jenereta izimwe na iachwe ipoe kabla ya kuongezwa mafuta. Bomba la moshi lenye joto linatosha kuwasha petroli iliyomwagika.
4. Weka dumu chini, ardhini, unapolijaza. Usilijaze likiwa juu ya gari, juu ya plastiki au limening'inizwa. Petroli inapotiririka huzalisha umeme mdogo usioonekana, na ardhi ndiyo inayouondoa.
5. Tumia faneli na mpira wenye pampu ya mkono. Usivute petroli kwa mdomo. Tone dogo likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta homa kali ya mapafu na kuua.
6. Ikimwagika, simamisha kila kitu, funika kwa mchanga, na usiwashe pikipiki hapo. Isukume mbali kwanza.
7. Mchanga uliolowa petroli uanike nje mbali na watu. Usiutupe kisimani, mtoni wala kwenye mikoko.

Kwa wavuvi: changanya petroli na oili ufukweni kabla ya kupanda, si ndani ya mashua. Mvuke hutulia chini ya mashua kama unavyotulia chumbani, na hauna pa kutokea. Weka dumu mbali na jiko la kupikia safarini.

Usimwachie mtoto kuuza petroli. Na usimuuzie mtoto aliyetumwa na chupa. Mwambie akamwite aliyemtuma.

Fataki za mwisho wa mwaka

Desemba ikifika, maduka mengine huweka fataki karibu na petroli, viberiti na nguo. Fataki ni baruti. Hazihitaji hata hewa ya nje ili kuwaka, na moja ikiwaka huwasha zilizo karibu nayo. Mjini Lima nchini Peru, tarehe 29 Desemba 2001, fataki ziliwaka katika mtaa wa maduka uliojaa wateja wa sikukuu na zaidi ya watu 270 walikufa. Hapa Msumbiji tunakumbuka Malhazine, Maputo, tarehe 22 Machi 2007: ghala la silaha lililipuka siku ya joto kali na zaidi ya watu 100 walikufa. Ghala la jeshi si kibanda cha fataki, lakini baruti ni baruti, na joto na uhifadhi mbaya ni adui wake popote.

Kabla ya kununua fataki za kuuza, uliza polisi wa wilaya na SDAE kama zinaruhusiwa na kwa masharti gani. Zikiruhusiwa, ziache kwenye boksi lake la asili, juu ya ubao, pakavu na pa baridi, mbali na dirisha lenye jua na mbali kabisa na petroli. Zilizolowa maji usizianike juani wala karibu na jiko. Hazifai tena. Usizipange dirishani, na usijaribu moja dukani ili kumwonyesha mteja.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kuziepuka. Mlio wa fataki usiku unafanana na risasi. Mama aliyekimbia Palma na watoto wawili mgongoni hawezi kusubiri kujua ni sherehe au ni shambulio. Atakimbia tena. Watu wanaweza kukanyagana, na walinzi wenye silaha wanaweza kudhani vibaya.

Na kitu chochote cha chuma kisichojulikana kilichookotwa shambani au ufukweni, kinachofanana na bomu au risasi, si fataki. Usikiguse, usikiuze kama chuma chakavu. Weka alama mbali nacho na umwarifu kiongozi wa mtaa au askari.

Moto ukitokea

Piga kelele kwanza. Watu watoke, hasa watoto, wazee na wagonjwa, kabla ya mtu yeyote kuokoa mali.

Kama moto ni mdogo na njia ya kutokea iko nyuma yako, mwaga mchanga mkavu kuanzia ukingoni kuelekea katikati, au tumia mtungi wa unga ukilenga chini ya moto, si kwenye ndimi zake. Usimwage maji: petroli huelea juu ya maji na moto utasafiri nayo hadi kwa jirani. Usinyanyue dumu linalowaka kukimbia nalo nje. Wengi wameungua hivyo.

Kama moto umefika kwenye paa au kwenye madumu mengine, acha. Ondokeni, mkapambane kuokoa nyumba za jirani kwa kulowesha makuti yao na kuondoa vitu vinavyowaka kati.

Weka ndoo mbili za mchanga mkavu, zimefunikwa, mahali panapofikika. Mtungi wa kuzimia moto uangaliwe kila mwezi kama mshale uko kwenye kijani. Andika ukutani namba za simu za kituo cha afya, polisi na kiongozi wa mtaa.

Mtu akiungua, akinywa au akimwagikiwa

- Nguo zikiwaka: asikimbie. Alale chini, ajiviringishe, mfunike kwa blanketi au kitenge kizito.
- Kuungua: mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Usibandue nguo iliyoganda kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala udongo. Funika kwa kitambaa safi na mpeleke kituo cha afya.
- Aliyekunywa petroli: usimtapishe kwa kidole, kwa chumvi wala kwa maziwa. Akitapika, petroli inaweza kuingia mapafuni. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na chukua chupa ukaionyeshe.
- Machoni: osha kwa maji safi kwa dakika 15.
- Nguo zilizolowa petroli: avue mbali na moto, aoge kwa sabuni. Asikae jikoni kabla ya hapo.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nimeuza petroli miaka mitano na hakuna kilichotokea. Kwa nini nibadilike?*
Kwa sababu mvuke na moto havijawahi kukutana. Siku vikikutana, miaka mitano ya uzoefu haitasaidia. Kuhamisha dumu kutoka chumbani kwenda kibanda cha nje hakugharimu sana.

*Jirani yangu anaweka madumu ukutani kwangu. Nifanye nini?*
Zungumza naye kwanza kwa heshima, mkiwa wawili, na umwonyeshe makala hii. Kama hasikii, mwombe mzee wa mtaa au kiongozi wa bairro awapatanishe na mkubaliane mahali pengine. Kwa watu wengi lengo ni kuhamisha dumu, si kumfunga jirani. Ikiwa kuna hatari ya sasa hivi, kama kuvuja karibu na moto, waite viongozi na polisi bila kusubiri.

*Simu ya mkononi inawasha petroli?*
Ni nadra sana. Hatari kubwa ni moto wa wazi, sigara, swichi, injini iliyo moto na umeme wa msuguano. Hata hivyo weka simu mfukoni unapomimina, ili macho na mikono yote iwe kwenye kazi.

*Petroli ikikaa sana inapoteza hatari?*
Hapana. Huharibika na kusumbua injini, lakini bado inawaka.

Kagua kila jioni kabla ya kufunga

- Petroli iko nje ya nyumba wanayolala watu?
- Vifuniko vyote vimekazwa na hakuna harufu?
- Jiko limezimwa na liko mbali?
- Hakuna petroli kwenye chupa ya maji?
- Ndoo za mchanga ziko mahali pake na ni kavu?
- Mlango wa kibanda umefungwa na njia ya kukimbilia iko wazi?

Jibu likiwa "hapana" hata kwa swali moja, lirekebishe kabla ya kulala. Kisha mwonyeshe orodha hii mwenzako anayeuza petroli mtaa wa pili.